Mlango wa Behruz Haumo Tena Kenar

Mheshimiwa Admirali Haghshenas. Makamanda wa gati hii. Mafundi wenzangu wa ghala la vipuri. Bibi Mahrokh, mjane wa rafiki yangu Behruz. Ndugu wageni waalikwa wa Bandar Abbas: salamu ziwafikie nyote mlivyokaa.

Niliandika karatasi nne za kuagia kazi, na sasa naona ya pili haipo. Basi nitasema kama inavyokuja, mnivumilie.

Manowari zetu ni dada watatu, Sarv, Kenar na Gaz, waliojengwa ng'ambo kwa mchoro mmoja kabla ya Mapinduzi. Baadaye waliowajenga wakakataa kutuuzia hata nati. Tungefanyaje? Pampu ya Sarv ikifa, tunaivua ya Kenar. Miaka thelathini na moja nimemvua Kenar ili dada zake watembee, kesho anakatwa vyuma chakavu, na inasubiriwa sahihi yangu tu. Halafu mnanisifu eti najua kila kipuri kilipo. Nani kawaambia? Desturi ya ghala letu ni kuandika kwenye kadi kipuri kimetoka wapi. Kimekwenda wapi hatukuandika, maana fundi alishakimbia nacho. Kwa hiyo najua vyote vilivyomtoka Kenar, na sijui hata kimoja kilipo.

Hapo ndipo kichwa kinaponizunguka. Behruz alikuwa fundi wa injini wa Kenar. Bahari ilimchukua wakati wa vita, kaburi hana. Alichoacha ni jina lake, alilolichora kwa msumari kwenye mlango wa chumba cha injini. Kila Alhamisi Bibi Mahrokh huja gatini na sahani ya tende, anasimama mbele ya Kenar, anamwombea mumewe, kisha tende anatugawia sisi. Juzi akaniomba nisitie sahihi.

Shemeji, mbele ya watu wote hawa nakiri: mlango ule tuliutoa miaka ishirini iliyopita. Uko Sarv, au uko Gaz, umeshapakwa rangi sijui mara ngapi. Wewe unasimama mbele ya bodi tupu, na mimi nakula tende zako nimenyamaza. Naona haya.

Unasemaje? Simama, shemeji, wasikie.

"Fereydun jan, ndugu yangu mpenzi, siku mlipoutoa nilikuwepo. Mliubeba watu wanne, wewe mbele, ukimfokea fundi mwenzako Jamshid asiukwaruze pale penye jina. Nilikuona. Mjini hakuna tena anayemtaja Behruz, ila nyinyi hapa. Nilikuwa nakuja kwenu. Kenar akiondoka, nitasimama wapi?"

Jamani. Hili halimo kwenye karatasi yoyote, hata ile iliyopotea.

Mheshimiwa Admirali, nilitaka kukuomba Kenar asikatwe, na sasa sijui naomba nini. Leteni kalamu, nitatia sahihi. Ila Alhamisi, shemeji, usibebe sahani. Nitakungoja getini, na tende nitaleta mimi.

Nawashukuru wote mlionisikiliza nikibabaika hivi. Ahsanteni.