Mganga au Mchawi

Basi lilipotoka Namanyere, msichana wa kiti cha mbele yangu alimwamkia mama aliyekaa kando yake na kupakata mfuko wa ulezi, akajitambulisha kwa jina la Avelina, kisha akainamia simu yake. Tulipokaribia Sumbawanga akaguna, "Nimebakiwa na kadi mbili tu."

"Za kliniki?" mama akauliza.

"Za mchezo, mama. Shujaa wangu anapigana na joka kwa kadi. Sasa lazima nitupe moja, mganga au mchawi. Nikikosea shujaa anakufa, naanza upya, na nacheza tangu Kwaresima."

"Kwaresima ulifunga nini, basi?"

Avelina akacheka. Mama akaisogelea simu. "Tupa mchawi."

"Ndiye mwenye moto, mama. Mganga anatibu tu."

"Na huo moto anakupa bure?"

"Hapana. Kila akipiga, anakula nguvu za shujaa kidogo."

"Unaona! Mwanangu, tunakwenda mji gani? Jina lenyewe kwa Kifipa ni tupa uchawi. Wazee hawakusema tupa mganga."

"Wazee hawakupigana na joka."

Mama aliifikiria hoja hiyo kwa muda. Nami niliifikiria, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Gari likaingia stendi, likasimama. Abiria wakaanza kunyanyuka, lakini mama hakuunyanyua mfuko wake. Macho yake yalikuwa kwenye simu. Kidole cha Avelina kilikuwa bado hewani konda alipofungua mlango na kuanza kuita, "Sumbawanga! Sumbawanga!"