Chokaa Kwenye Boriti

Ndani ya basi, mama wa kiti cha mbele yangu alikuwa amepakata chupa kubwa ya kioo iliyofunikwa kitambaa, kama anayepakata mtoto mwenye homa.

"Shemeji, nilipaka chokaa, siyo sumu," alisema mwanamume aliyekaa naye. "Au watu wa msibani wangekaa chini ya boriti zenye ukungu?"

"Ukungu huohuo ndio uliochachusha pombe ya marehemu kaka yako. Hakuwahi kununua chachu. Aliacha mapipa wazi, hewa ya chumba kile cha kupikia pombe ikafanya kazi. Tangu usugue boriti na kuzipaka chokaa, asali na matunda yangu ya porini yamelala tu kama maji ya kuoshea vyombo."

"Tununue chachu ya pakiti basi. Pombe ni pombe."

"Ya pakiti ni ya kila mtu. Hii ilikuwa yake."

Mimi pombe siigusi, na nilikuwa sijawahi kusikia mtu akililia uchafu wa dari.

"Haya ni mashapo ya pipa lake la mwisho," alisema mama. "Fundi mwenzake wa pombe atajaribu kuyafufua. Yakishindikana, nimemzika mara ya pili."

Basi likasimama kituoni kwao. Shemeji yake hakushuka. Aliinama, akabandika sikio kwenye chupa.

"Unasikia chochote?"

"Injini tu. Dereva! Zima kidogo, ndugu yangu!"

Dereva akazima. Basi zima likanyamaza, nami nikajikuta namwomba Mungu kipovu kimoja tu kilie chupani.