Kaleb Bado Yuko Mlangoni

Enzi hizo za Mdachi, yaani Mjerumani, reli ilipokuwa mpya kiasi kwamba mbuzi wa Korogwe walikuwa hawajajifunza kuikwepa, palikuwa na gogo la mvule karibu na stesheni ambalo mafundi walilikataa kwa kuwa limepinda. Wanaume wakalikubali. Asubuhi muuza kahawa alitua dele lake pale, na kabla makaa hayajashika vizuri wenye gogo walikuwa wameshaketi. Semboja aliitwa Bwana Reli, kwa sababu alibeba mataruma ya kulazia reli kutoka Muheza mpaka hapo. Mbaruku aliitwa Nusu Ulaya, kwa kuwa aliwahi kupanda meli ya Wazungu bandarini Tanga kupakia ngozi, akakaa humo kutwa nzima. Habakuki, mpiga kengele wa misheni, waliyemwita Kengele, alishuka milimani akaja na sauti yake yote. Mwisho wa gogo alikaa Simeo, mwalimu aliyeacha kazi, ambaye kila siku ya gari la Tanga aliwasomea watu barua zao na kuwaandikia majibu. Kila mmoja wa wazee hao watatu alikuwa anajua jambo moja, na kwa jambo hilo moja alijibu maswali yote ya dunia.

Siku hiyo palikuwa na mtu wa tano, na hakuna aliyejisogeza ampishe. Dorkasi, mjane wa Mdoe, alisimama na barua ya mwanawe Kaleb mkononi. Kaleb alikuwa Ujerumani, amepelekwa kusoma chuo kikuu, wa kwanza kutoka pande zetu, na alikuwa amefika huko wiki tatu baada ya masomo kuanza. Kuchelewa huko kulikuwa na wenyewe. Siku ya kuondoka, sanduku likiwa tayari begani, gogo lilimwambia mwezi umekufa na safari haianzwi mpaka mwezi uandame. Haraka haraka haina baraka, walisema. Mwezi ukaandama, lakini meli ilikuwa imekwenda zake, na nyingine ilikuja baada ya wiki tatu.

Simeo akasoma. Kaleb aliwasalimu wote kwa majina, na hata mbuzi wa mama yake akamuulizia. Mama mwenye nyumba anayoishi ni mtu mwema, viazi ni vingi, buti zinambana. Baridi ameizoea kuliko ukimya. Kisha likaja jambo lenyewe. Kwa vile alichelewa, Kaleb alifanya kama alivyofunzwa shule ya misheni kule milimani: mchelewaji haingii, husimama mlangoni mpaka mwalimu amwite. Na kama alivyofunzwa nyumbani, alipiga hodi mara tatu, kwa adabu, na hodi isipoitikiwa mtu huondoka. Basi kila asubuhi alikwenda, akapiga hodi tatu, akasimama, akarudi kwake. Wiki tano.

"Wengine wakiingia hunipa makoti yao," Simeo akasoma, "nami huwashikia mpaka watoke. Mkubwa wa chuo amesema Februari ikiisha nami sijakaa darasani, nitapandishwa meli ya kurudi. Mama, nifanyeje?"

— Mwanangu anashika makoti? aliuliza Dorkasi.

Wazee walikuwa wameshapokea vikombe.

Gari la kwenda Tanga lilikuwa linatarajiwa adhuhuri, na jibu lisipopanda siku hiyo lingekosa meli na kungoja wiki tatu nyingine, na Februari haingojei mtu. Hilo Dorkasi alilisema mara mbili. Bwana Reli akamwambia awe na subira, jambo hili linataka watu wazima.

Bwana Reli mwenyewe aliona tatizo ni dogo sana.

— Hajaitwa jina. Kwa Mdachi, mtu haanzi kuwapo mpaka jina lake lisomwe kwenye orodha. Mimi nilifika Muheza, jina langu halimo. Nilibeba mataruma siku nne, na sipo.

— Na chakula? aliuliza Kengele.

— Nilikula. Kulikuwa na mwenzangu yupo kwenye orodha lakini ni mgonjwa, hali kitu. Yeye akawapo, mimi nikala.

Dawa yake ilikuwa Kaleb aendelee na hodi zake bila kukosa hata siku moja. Bandu bandu huisha gogo, alisema, na hodi kwa hodi mlango nao utakwisha.

Nusu Ulaya alimsikiliza kwa huruma, kama mtu aliyesafiri anavyowasikiliza wasiosafiri. Akaeleza kwamba Ulaya nyumba hukaa juu ya nyumba, na sauti ni kama moshi, haikai chini. Kaleb anapiga hodi vizuri kabisa, ila hodi inapanda. Mwalimu wa chini haisikii. Anayeisikia ni wa juu.

— Wewe hizo nyumba umeziona wapi? aliuliza Bwana Reli.

— Melini. Nilipiga hodi chini, akaniitikia mtu juu. Alinitukana, lakini aliniitikia.

Kikombe cha pili kilipofika, huyo wa juu alikuwa ameshakuwa ajuza mmoja wa Kijerumani, mjane, mpweke, ambaye kila asubuhi husikia hodi tatu, akasema karibu, akatandika mkeka, akasikiliza ngazi, na asimwone mtu. Kikombe cha tatu kilipofika, ajuza alikuwa ameacha kula kwa kumngoja mgeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Nusu Ulaya kwa uchungu. Huyo mwenyeji sasa yu taabani, na wa kulaumiwa ni Kaleb.

— Ujerumani hawana mikeka, alisema Simeo bila kuinua macho.

— Melini walikuwa nao mmoja.

Kengele alikuwa anangoja. Alikuwa na desturi ya kuwaacha wenzake waishiwe na sauti ndipo aanze na yake. Akasema hao wawili wanaangalia mlango, ilhali hoja ni makoti. Mtu humpa koti lake nani? Humpa anayemwamini. Kule baridi inaua, koti ni roho ya mtu, na roho za chuo kizima ziko mikononi mwa mtoto wa Mdoe. Mwalimu ana nini? Ana chaki. Siku Kaleb atakapokataa kuyatoa, hakuna atakayethubutu kutoka nje, watalala darasani, watamwita kwa heshima zote, na mkubwa wa chuo atamwachia kiti kabla ya Pasaka.

— Kwa hiyo asiingie, alisema Bwana Reli.

— Aingie afanye nini? Ndani wamejaa watu wasio na makoti.

Hapo wote watatu wakapatana, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu ule mwezi uliokufa. Wakamwamuru Simeo aandike: Vumilia, mwanetu. Simama hapo hapo. Utaitwa. Simeo aliandika. Alikuwa na mwandiko mzuri sana, na maneno yale, yakishakaa kwenye karatasi, yalionekana kama yana akili. Kengele akataka ya mwisho iwe methali, akatoa ile ya chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Ikamtoka yote, ndipo akamwona Dorkasi. Akainama akanywa kahawa iliyokuwa bado ya moto.

Dorkasi alikuwa anaangalia reli upande wa Mombo, gari linakotokea.

Wakati huo akafika mwanamke mmoja na kikapu cha kuku wawili kichwani, miguu myekundu kwa vumbi la njia. Aliitwa Mashavu, ametoka Kang'ata siku mbili kwa mguu, anakwenda Tanga kwa dada yake, na gari moshi alikuwa hajaliona maishani mwake. Akawaamkia wazee shikamoo, akauliza kama hapo ndipo mtu hupandia. Simeo, kwa kuwa anangoja wino ukauke, akampa habari yote, tangu hodi hadi makoti. Mashavu alitua kikapu asikilize vizuri.

— Samahanini wazee wangu, mimi mgeni. Hao wenye makoti, nani huwaambia karibu?

Bwana Reli aligeukia reli yake. Nusu Ulaya alitazama juu, kule hodi zinakokwenda. Kengele akaomba kahawa. Simeo akaichukua tena barua ya Kaleb, akaipitia mbele, akaigeuza, akaipitia nyuma, akatafuta hata pembeni kwenye zile salamu zilizobanwa, asione mahali ambapo mtu yeyote alimkaribisha mtu yeyote.

Muuza kahawa akaanza kukusanya vikombe vyake.

— Futa hiyo, Simeo, alisema Dorkasi.

— Mama Kaleb, wazee wameshaamua.

— Waliamua na habari za mwezi. Futa.

Simeo akachukua karatasi nyingine. Dorkasi akasogea mpaka kwenye gogo, akasimama mbele ya Kengele mpaka Kengele akaelewa, akajivuta. Akakaa. Kisha akasema polepole, neno baada ya neno, ili kalamu isiachwe nyuma.

— Andika. Kaleb mwanangu, hodi yako imefika huku Korogwe, na mimi mama yako nimeiitikia. Karibu. Ingia, tafuta mahali, keti. Na koti la mtu mrudishie mwenyewe, naye ana mikono.

— Niongeze salamu za wazee?

— Karatasi imejaa.

Haikuwa imejaa. Simeo akaikunja.

Gari likatoa sauti mbali. Mashavu akarudi nyuma hatua mbili, kuku wakapiga kelele, na Dorkasi akamshika mkono akimwambia twende, dada, halimli mtu. Wakaonekana wakivuka reli, mmoja na kikapu, mwingine na barua ameishika kwa mikono miwili kama sahani ya mchuzi. Aliyeipokea barua alikuwa karani wa gari, na hakumwambia karibu wala asante. Dorkasi alisimama pale mpaka moshi ukaisha.

Kwenye gogo, nafasi yake ilibaki wazi kwa muda, kisha Kengele akajitanua. Walikuwa wameanza kuulizana kama karibu ya Korogwe inafaa kwenye mlango wa mtu mwingine. Nusu Ulaya alisema inafaa, ila Dorkasi amekosea jambo kubwa: amemwambia mtoto aingie bila kumweleza mlango wa Ulaya husukumwa au huvutwa. Bwana Reli akasema husukumwa. Kengele akasema huvutwa, tena kwa kamba. Walipomgeukia Simeo awaamue, alikuwa ameshakwenda, na muuza kahawa alikuwa amelipindua dele anamwaga machicha.