Namna Mungu Alivyonirudishia Mikono ya Uuguzi

Ndugu zangu wapenzi, amani ya Mungu iwe juu yenu, na sifa zote ni Zake Yeye aliyenisimamisha mbele yenu leo! Mnanijua. Mimi ni Mwanaisha, mzaliwa wa kisiwa cha Koyama, mke wa fundi wa mashua. Uuguzi nilisomea Mombasa wakati wa ukimbizi, kisha nikaolewa, nikazaa, nikarudi kwetu, na sindano nikaisahau kabisa.

Basi hapa Kismayu kikafunguliwa kituo cha kuwatibu walionaswa na vidonge vya kulevya na mairungi, yaani miraa. Nikaitwa nijaribiwe kazi. Furaha niliyokuwa nayo, na hofu! Nilimpima presha kila mtu mtaani. Mama mkwe wangu ikawa akiniona na kile kipimo anakimbilia chooni kujificha. Kupima nilikumbuka. Sindano ndiyo iliyoninyima usingizi, maana mkono wa muuguzi ukikosea, anayeumia ni mgonjwa.

Aliyetufundisha sisi tulioitwa ni Sista Habiba. Ndugu zangu, yule mwanamke! Sijapata kuona muuguzi kama yeye. Hana haraka, hapandishi sauti, na vijana walioshindikana kwao, kwake wanatulia.

Siku moja akaletwa Athumani, mvuvi, aliyeviacha vidonge ghafla na mwili ukamgeuka. Nikaambiwa nimhoji. Nikamwamkia, nikamwuliza hali. Akajibu, "Sijambo, Alhamdulillahi. Ni mchu mzima," yaani, kwa lugha ya visiwani kwetu, ni mtu mwenye afya. Nikamwuliza habari za kutapika, za usingizi, kila swali akamshukuru Mungu. Nami kwa adabu tuliyolelewa nayo, mtu akishamshukuru Mungu humchokonoi tena. Nikaenda kumwambia Sista Habiba kuwa hana neno.

Sista Habiba hakunikemea. Alivua viatu, akaketi naye mkekani, wakaamkiana upya, habari za nyumbani, za watoto, za bahari. Akamwacha ashukuru mpaka akamaliza. Kisha akamwuliza taratibu ni nani anayemfulia shuka. Athumani akalia. Akasema mkewe anazifua kila asubuhi kwa matapishi, na hata maji hayakai tumboni. Midomo ilikuwa imemkauka, nami nilikuwa nimeitazama tu!

Alihitaji dripu upesi. Nikamnyooshea Sista Habiba sindano. Akaweka mikono nyuma.

"Walaal, ndugu yangu, mshipa huo ni wako," akaniambia. "Mimi nipo hapa hapa."

Mshipa wenyewe ulikuwa umenywea kwa kukosa maji. Nikasema Bismillahi, nikamfunga mpira mkononi, nikapapasa kama nilivyofundishwa ujanani, na vidole vikakumbuka vyenyewe. Sindano ikaingia, damu ikaonekana, maji yakaanza kushuka! Nyuma yangu nikamsikia Sista Habiba akishusha pumzi, ndipo nikajua kuwa naye alikuwa akiogopa, na bado aliniachia. Moyo ule namwomba Mungu anipe na mimi.

Kazi nimepata, Alhamdulillahi! Athumani amerudi kuvua. Vidonge bado anapigana navyo, na akilemewa anakuja kwetu bila kujificha.

Ndugu zangu, najua humu ndani wamo wenye mtoto au mume aliyefungiwa chumba cha uani kwa aibu. Mtumainini Mungu, mleteni. Na kama mnaona haya kumtoa nje watu wakamwona, nionyesheni mlango wa nyumba yenu tu. Mimi na Sista Habiba tutakuja wenyewe.