Miaka Sita ya Maumivu, Kumi ya Afya: Maisha ya Emerensiana Bonaventura, Mama Agnes

Padri, ndugu wa pande zote mbili, majirani wa kanisani na wa msikitini, poleni kwa msiba na poleni kwa jua. Mimi Magdalena, wifi yake, ndiye niliyepewa kazi ya kuwasomea maisha ya mwenzetu.

Marehemu Emerensiana alizaliwa tarehe 14 Septemba 1926 Kitangari, juu kwenye uwanda wa Makonde, akiwa mtoto wa pili wa mzee Bonaventura na mama Maria. Mwaka 1931 baba yake aliteremka na familia kuja kukata mkonge karibu na Lindi, na huku ndiko alikokulia.

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1936 hadi alipomaliza darasa la nne mwaka 1939. Alitamani kuendelea, baba hakuweza. Lakini kusoma hakukumtoka. Akinunua karanga, kwanza alisoma karatasi ya kufungia, karanga zikamngoja.

Tarehe 8 Juni 1946 alifunga ndoa na kaka yangu Sipriani, fundi cherehani na mkulima wa korosho. Mwaka 1949 Mungu aliwajalia Agnes. Wengine hawakuja, na kaka hakuligeuza jambo hilo kuwa tusi hata siku moja.

Uhuru uliwakuta Mitwero. Mwaka 1970 walihamia hapa kijiji cha ujamaa, wakiwa katika kaya za kwanza. Asubuhi alilima shamba la pamoja, alasiri alifundisha kisomo cha watu wazima. Wengi mliosimama hapa mliandika jina lenu mara ya kwanza mkono wenu ukiwa ndani ya mkono wake.

Sasa nieleze ugonjwa wake, maana mwenyewe alitaka uelezwe bila kuonewa haya. Aprili 1966 alipasuliwa kwa sababu ya uvimbe, akatolewa kizazi pamoja na vifuko vyote viwili vya mayai. Alirudi nyumbani mzima. Lakini mwaka haujaisha, maumivu yakamrudia chini ya kitovu, upande wa kushoto, yakipita mpaka kiunoni, hata kusimama wima hawezi. Alipewa vidonge, alipewa mizizi ya chango la uzazi, alikandwa kwa mchanga wa moto uliofungwa kitambaani. Mchanga ulimpa nafuu kidogo tu. Na watu tukasema, "Kizazi hana, hilo chango linatoka wapi?" Nasema tukasema, kwa sababu na mimi nilisema. Wengine walidai amerogwa, wengine kwamba jembe limemshinda. Kaka akaanza kushauriwa amrudishe kwao.

Agosti 1972 aliitwa mbele ya mkutano wa kijiji kwa kosa la utoro wa shambani. Ndugu Mfaume, katibu wa shamba, alifungua daftari la mahudhurio akasoma kwa sauti: hakufika tarehe 3, 4 na 5 Mei, hakufika 31 Mei, 1 na 2 Juni, hakufika 28, 29 na 30 Juni, hakufika 26, 27 na 28 Julai.

"Na kila mara unaanzia Jumatano," akasema Mfaume. "Jumatano ina nini, Mama Agnes? Ina harusi?"

Watu wakacheka. Marehemu hakucheka wala hakulia. Akasema, "Ndugu Mfaume, naomba ninakili tarehe hizo."

"Za nini? Ukazitundike ukutani?"

"Nampelekea daktari. Mimi nikieleza huambiwa sielezi vizuri. Labda wewe utaeleza."

Hapo Bi Kidawa, mkunga wa zahanati, aliyekaa benchi la mbele, akanyanyuka kulitazama daftari. Akahesabu kwa vidole, akarudia. "Ishirini na nane. Ishirini na nane. Ishirini na nane tena. Jamani, huu si uvivu. Mvivu hahesabu siku! Hizi ni siku za mwezini."

Nikamjibu mimi, "Bi Kidawa, kizazi alishatolewa."

"Basi kuna kitu ndani hakijaambiwa," akasema.

Bi Kidawa aliandika barua siku ileile, marehemu akanakili tarehe zake, na kaka akampeleka mkewe hospitali ya misheni. Daktari, naye ni Sista, alisoma zile tarehe kabla hajamgusa tumbo. Akamfafanulia kwamba mama aliyetolewa vifuko vya mayai anaweza kuumwa tena kwa sababu nyingi: makovu ya ndani kushikamana na utumbo, mkojo kuwa na wadudu, choo kuwa kigumu. Na safari nyingine kipande kidogo cha kifuko hubaki kimejificha ndani ya makovu, bila uzembe wa mtu yeyote, kikaendelea na kazi yake kila mwezi ingawa damu haitoki. Walimpima mkojo kwanza, ukawa safi. Tarehe 19 Septemba 1972 alipasuliwa mara ya pili, na kipande kikapatikana, kama punje ya kunde, kimegandamana na mrija wa mkojo.

Baada ya wiki mbili jasho la ghafla la wanawake wanaokoma siku zao likaanza, kama Sista alivyomtahadharisha. "Wifi, nipepee!" akaniambia. "Uzee ulizuiwa mlangoni, leo umeingia na mizigo yake yote!" Alicheka mpaka akashika mshono.

Mfaume alikuja kuomba radhi. "Lakini kubali, Mama Agnes, daftari langu limetibu."

"Limetibu, Ndugu Mfaume. Sasa litibu na ulimi wako."

Makovu yaliendelea kumvuta akibeba ndoo nzito. Alijitibu kwa chupa ya maji ya moto na kutembea kila asubuhi. Ile Jumatano haikurudi tena. Akawafundisha akina mama kuandika siku wanazoumwa, akawasindikiza zahanati. Baadhi yao walikuwa na wadudu wa mkojo tu, wakapona kwa vidonge.

Tarehe 27 Februari mwaka huu alishikwa na nimonia, akalazwa mjini Lindi. Nikamwomba radhi tena kwa maneno yangu ya zamani. Akasema, "Wifi, hilo ulishaliomba. Leo niombee uji." Alikunywa nusu kikombe. Alifariki Jumapili tarehe 7 Machi 1982, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na mitano.

Ameacha mume, Sipriani, binti, Agnes, na mkwe, Sebastiani, wajukuu watano, mdogo wake, Ignasi, na mimi wifi yake.

Mungu, aliyemsadiki tangu siku ya kwanza wakati sisi bado tunabishana, ampokee na kumpumzisha katika amani yake.