Milango Kumi na Minne Tuliyoiruka

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Mkuu wa Chuo chetu, Ndugu Eusebio. Baba Paroko kutoka Mnero na Shehe wetu, mliokaa bega kwa bega kama mnavyokaa kwenye misiba yetu. Ndugu viongozi mliotoka Ruangwa alfajiri na vumbi lake. Walimu, wanachuo, wazazi. Na wewe Mwalimu Gaudensia, unayestaafu leo, mwenye shughuli hii. Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum.

Mimi naitwa Albina. Ni afisa maendeleo ya jamii wa kata, na miaka saba iliyopita nilikuwa mwanachuo hapa hapa, nikikaa dirishani ili nisiitwe ubaoni. Mshereheshaji amenipa dakika kumi niseme kwa niaba ya wanafunzi wa zamani, akaniomba nichekeshe kidogo kwa kuwa pilau bado haijaiva. Nitajaribu. Lakini nisiwafiche, ndugu zangu, nimekuja na huzuni, na leo nitautua mzigo wake hapa mbele yenu.

Nianze na sifa, maana zinamstahili. Mwalimu Gaudensia amefundisha takwimu kwa miaka ishirini na tisa, akiwafundisha watu waliozikimbia hesabu. Sisi tulioomba kusomea maendeleo ya jamii tulidhani tumeponyoka: tutakaa na akina mama, tutapatanisha wanandoa, tutaendesha mikutano, basi. Siku ya kwanza mama huyu akaingia darasani na kapu la korosho. Tukashangilia, tukajua tunakula! Kumbe kila korosho imeandikwa namba kwa wino, kuanzia moja hadi mia mbili na kumi, na kila namba ni nyumba moja ya kijiji. Akafumba macho, akatia mkono, akatoa moja.

"Hii ndiyo sampuli," akasema. "Huwezi kumuuliza kila mtu, kwa hiyo unawauliza wachache. Ila korosho ndiyo ichague, siyo wewe. Wewe ukichagua, utachagua nyumba yenye kivuli na mama mwenye chai."

Tukacheka. Akatuuliza tena: kisima kimoja kimekauka, cha pili kimefurika, na ukipiga wastani maji yanatosha, je, yule wa kisima kikavu ataenda kuchota wastani? Darasa zima tukajibu, "Hapana!" Tulijibu vizuri sana, Mheshimiwa. Kwenye kujibu hatukuwa na tatizo.

Mwaka wetu wa kwanza, shirika moja lilitaka kujenga nyumba ya kusubiria wajawazito, ili mama aliyebakiza siku chache kujifungua alale jirani na zahanati. Lilikuwa na uwezo wa kujenga nyumba moja tu, na vijiji vilivyoomba vilikuwa viwili. Likamwomba Mwalimu atume wanachuo wake wakapime jambo moja: mama hutembea muda gani kutoka mahali anapolala mpaka zahanati? Mimi nikapewa uongozi wa kikundi kilichokwenda kijiji kimoja pembezoni mwa Mkotokuyana. Korosho zikachagua nyumba sitini. Ulikuwa mwezi wa tatu.

Wenyeji wa huku, kuna haja gani ya kuwaeleza mwezi wa tatu? Nawaambia wageni tu. Mwezi wa tatu watu wamehamia shamba. Mama, watoto, kuku na masufuria, wote wako ng'ambo ya mto wakilinda mahindi na mpunga wasiliwe na nguruwe na nyani, wanalala kwenye vibanda mpaka mavuno, na kijijini wanabaki wagonjwa, walimu na wenye maduka. Mwalimu, mtoto wa mkulima wa Mnero, alilijua hilo kuliko sisi sote. Kabla hatujapanda gari alitushika mikono mmoja mmoja akituambia: "Mkikuta mlango umefungwa, muulizeni jirani njia ya shamba, mwende. Mlango uliofungwa una mtu wake."

Basi, tulikuta milango kumi na minne imefungwa. Na siku hiyo ilikuwa siku ya mpira Ruangwa. Nani asiyejua huku kwetu siku ya mpira ikoje? Lori la kutupeleka uwanjani lilikuwa linaondoka saa saba mchana, na njia ya shamba ilikuwa matope mpaka magotini. Hapo mimi, kiongozi wa kikundi, mimi ambaye mama yangu alinizaa kwenye kibanda cha shamba mwezi huohuo wa tatu, nikawaambia wenzangu: "Mkikuta pamefungwa, ingieni kwa jirani aliye wazi. Nyumba ni nyumba."

Saa sita na nusu madodoso sitini yalikuwa yamejaa. Tukawahi lori. Timu yetu ikashinda, tukaimba njia nzima kurudi.

Wastani wetu ukatoka dakika thelathini na nane. Ulikuwa wastani mzuri, hauna pengo hata moja, na Mwalimu, akisoma madodoso yale bila kulinganisha majina na orodha ya nyumba, asingeweza kuona kasoro, kwa sababu kila karatasi ilikuwa na namba ya korosho juu yake na mimi ndiye niliyeziandika. Kijiji cha pili kilipata saa moja na nusu. Nyumba ikajengwa kule. Hata mimi, kwa hesabu zile, ningeijenga kule.

Mwaka uliofuata, mwezi uleule, mama mmoja aitwaye Safina alishikwa na uchungu shambani. Mumewe, Bakary, yupo hapa ukumbini. Nilikwenda kwake juzi kumwomba ruhusa ya kulitaja jina la mkewe, na amenipa, Mungu ambariki. Walimfunga Safina kwenye machela ya miti na kanga. Mto ulikuwa umejaa, wakazungukia kwenye daraja la magogo. Alifariki njiani, na mtoto hakupona. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Baada ya arobaini Bakary akaja hapa chuoni na baiskeli yake. Hakuja kugombana na mtu. Alisikia watu wakisema kijiji kilipimwa kikaonekana kiko karibu. Mimi nilikuwa ofisini kwa Mwalimu, nimeleta zoezi, nikamsikia kwa masikio yangu.

"Mama mwalimu," alisema, "mimi nataka kujua tu. Humo kwenye hesabu zenu, Safina wangu alikuwa namba ngapi?"

Mwalimu akafungua jalada, akapitisha kidole kwenye orodha. Nyumba ya Bakary ilikuwemo. Mia moja na kumi na mbili. Korosho ilikuwa imeichagua. Akatafuta dodoso la namba hiyo, akalisoma kwa sauti jina lililoandikwa: la mwenye duka wa jirani. Akainua macho akanitazama, na sijawahi kutazamwa vile na mtu yeyote.

"Kumbe mlimchagua," Bakary akasema polepole. "Mlimchagua, mkakuta hayupo, mkamwacha."

Nilitaka kusema. Nikaliweka zoezi langu mezani. Mwalimu akafunga jalada, akasema, "Baba, msimamizi wa hesabu hizi ni mimi. Kosa ni langu." Alipoitwa kwenye kikao akasema hivyohivyo, na akaongeza kwamba alipaswa kurudia mwenyewe baadhi ya nyumba, na hilo kweli lilimuuma. Akavuliwa ukuu wa idara. Mchana huu mmesikia wasifu wake ukisomwa: "aliwahi kuwa mkuu wa idara." Mkapiga makofi. Mimi nilikuwa naangalia chini, kwa sababu "aliwahi" hiyo niliisababisha mimi.

Jina langu hakulitaja popote. Hakunigombeza. Ningeshukuru kama angenigombeza! Alichofanya ni kunichukua Jumamosi moja mpaka kibanda cha Bakary, akavua saa yake akanipa, tukatembea kwenda zahanati, taratibu, kwa mwendo wa mwanamke mwenye mimba ya miezi tisa. Masaa matatu na dakika arobaini. "Andika," akaniambia. Nikaandika. "Sasa nenda ukamalize masomo, ukawapime watu vizuri."

Nikamaliza. Nikapata kazi. Nikanyamaza miaka sita, kila mwezi nikijiambia mwezi ujao. Mniulize: ni heshima iliyonifunga mdomo? Si heshima, ndugu zangu. Nilikuwa naogopa kupoteza kazi, na woga huo niliuvalisha nguo nzuri nikauita subira.

Mkuu wa Chuo, nina barua hapa. Nimeiandika kwa mkono na kutia sahihi, na nakala yake nimemkabidhi mwajiri wangu jana asubuhi. Imeandikwa ni nani aliyeruka milango ile na ni nani aliyetukataza kuiruka. Naomba iingie kwenye jalada la Mwalimu kabla halijafungwa leo, ili asiondoke na kosa la mtu mwingine. Mwajiri wangu ataamua atakavyoona. Mnamwona Mwalimu anavyonitikisia kichwa? Hata sasa ananikataza. Mama, umebeba vya kutosha. Nisamehe kwa kuchelewa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ndugu wote mliokusanyika, nawashukuru kwa masikio yenu na kwa uvumilivu wenu, na mtanisamehe kama nimewaharibia hamu ya pilau. Makofi yote mpeni Mwalimu Gaudensia. Mimi nitashuka kimya, ila kwanza nimjibu mtu mmoja aliyeuliza akajibiwa na asiyehusika.

Kaka Bakary, nyumba yako ilikuwa yangu. Safina alikuwa wa kwangu kumuuliza. Jirani alinionyesha njia ya shamba, nikaitazama, na sikwenda.