Mama Funguo na Wakurugenzi Saba

Ijumaa hii, baada ya miaka tisa ya utumishi, katibu muhtasi wetu, Mama Funguo, anastaafu. Tarehe hiyo haijabadilishwa, na katika kampuni hii hilo peke yake ni la kushangilia.

Aliyeniomba mimi, fundi wa breki, niandike wasifu huu ni mkurugenzi wa sita. Jumanne akaondoka. Wa saba alifika Jumatano akauliza Mama Funguo ni nani. Sasa sijui namwandikia nani, ila naandika.

Alikuja tukiwa watu kumi na mmoja kwenye ghala linalovuja, gari letu la umeme likiwa mchoro ukutani. Aliajiriwa kupokea simu, akaishia kupokea wakurugenzi. Wa kwanza alitaka gari la milango minne, wa pili miwili, wa tatu akarudisha minne, akaenda zake kabla hatujajua kama anatania. Wa nne hata sura yake siikumbuki vizuri.

Kila mkurugenzi mpya, kabla hajakalia kiti, Mama alimshusha karakana akampa spana akaze nati moja ya gurudumu. Aliyekaza aliletewa chai. Aliyekataa aliletewa pia, lakini kwenye kikombe cha wageni. Wa tano alikinywea hicho mpaka siku anaondoka.

Mwezi uliopita, uzalishaji ukiwa mlangoni, tuligundua kila idara ina mchoro wake wa breki, na kila mchoro una sahihi ya mkurugenzi tofauti. Jamani, tulichanganyikiwa! Niliogopa kweli, maana gari likishindwa kusimama na mtu akafa, mikono iliyofunga breki ni yangu. Mama Funguo akavuta droo, akatoa daftari. Kila badiliko limo: siku, aliyelitaka, na kama lilijaribiwa barabarani. Ni mchoro wa tatu tu uliojaribiwa. Alituambia aliandika kwa sababu kichwa chake si kabati.

Jumatatu gari la kwanza linatoka, lina breki za mchoro wa tatu.

Mama, umeniachia daftari na funguo, na ule mdogo bado sijui unafungua nini. Jana mkurugenzi wa saba alishuka karakana, akakaza nati, akalegeza, akakaza tena. Nikasimama na vikombe viwili mkononi, cha wageni na cha wenyeji, nikakutazama. Ukageukia dirishani.

Asante kwa yote. Kapumzike, uishi vyema, wajukuu wakusumbue kwa kiasi. Ila Jumatatu, tafadhali, simu usizime.